Kamba Iliyonusa Gongo

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mababu, maana gongo ilikwisha kuanza kuuzwa katika chupa za soda, palikuwa na mlima katika nchi ya Wapare ambao ukungu wake haukuondoka mwaka mzima. Na palikuwa na mwanamke aliyewapandisha walevi mlimani humo kwa miguu, siku saba, akawashusha wakiwa si walevi tena. Ndivyo ilivyosemwa. Mimi nawaeleza nilivyoelezwa. Kuamini ni kazi yenu, na nawashauri msiikimbilie.

Jina lake Namkunda. Aliwahi kuwa askari wa msitu, na wakati huo huo aliwahi kuwa mlevi. Miaka kumi na mmoja alilinda miti huku amelala chini yake. Siku moja akapotea msituni, hana chupa, hana mwenzake. Akatembea siku saba. Siku mbili za kwanza alitetemeka, akawa anazungumza na shangazi yake aliyekwisha kufa. Siku ya tatu akatapika. Siku ya nne akasikia ndege. "Nilikuwa nimesahau kwamba ndege huimba asubuhi," alisema mwenyewe. Siku ya saba akatokea upande wa pili wa mlima, mkavu, na tangu hapo hakunywa tena. Hivyo ndivyo alivyosema yeye.

Watu walimwamini? Thubutu! "Anawapeleka wapi?" wakaulizana. "Anawalisha nini huko?" "Mbona waliopanda msimu wa mahindi walikuwa watatu, na tuliowaona wakishuka ni wawili?" Lakini mtu aliyekwisha kwenda kanisani, akaenda kwa mganga, akamfungia mumewe chumbani na mume akatokea dirishani, mtu huyo hachagui tena. Wakampelekea walevi wao, watatu watatu, naye akawapokea kwa kamba.

Tulieni niwaeleze habari ya kamba, maana kesi yote imo ndani yake.

Ilikuwa kamba ya mkonge. Aliisokota mwenyewe, akapitisha uzi mwekundu katikati ili mjanja asije akaiga. Wasafiri waliishika wakifuatana, kila mmoja amefunga fundo mahali pake, kwa sababu ukungu wa kule ukinyoosha mkono huoni vidole. Sheria zilikuwa tatu. Ya kwanza, usiiachie kamba. Ya pili, usibebe mzigo wako. Wako ataubeba mwenzako, nawe utabeba wa mwenzako. Ya tatu, usiufungue mzigo usio wako, na ukijua kilichomo usiseme. Namkunda aliitamka hivi: "Mzigo wa mwenzio ni siri yako." Jioni kila mtu alirudishiwa mfuko wake, akatoa blanketi na kikombe, kisha mifuko yote ikatundikwa mtini hadi asubuhi.

Siku ya saba Namkunda alitoa kisu, akaikata kamba, akampa kila mtu fundo lake. Nchi ile waliliheshimu fundo kuliko cheti. Ukienda nalo, aliyekufungia mlango anakufungulia, bila maneno mengi. Lakini gongo ikiingia safarini, hata tone, mafundo yote hufunguliwa, likabaki moja tu, akapewa aliyeilinda kamba kuliko wenzake. Moja. Wengine hurudi mikono mitupu, na milango yao hubaki ilivyokuwa.

Basi safari ninayoisema ilikuwa ya watu watatu, na yeye Namkunda wa nne. Walimwita Afande.

Wa kwanza ni Nanzia, mshonaji wa sokoni. Mumewe alipofariki alianza kunywa ili apate usingizi, kisha akawa analala ili aamke anywe. Siku moja alimsahau binti yake Tumsifu, mtoto wa miaka mitano, chini ya cherehani sokoni, mpaka wauza vitunguu wakafunga na kuondoka. Mama mkwe wake, Bibi Nakiete, akaja akamchukua mtoto. Nanzia akaenda kupiga magoti getini kwake.

"Mama Tumsifu," Bibi Nakiete akamwambia, "neno la mlevi ni povu, linapanda halafu linashuka. Niletee fundo la Namkunda, nikupe mwanao. Bila fundo, usinijie hapa."

Na hakuwa mwanamke wa kusema mara mbili. Kwa hiyo mkumbuke: Nanzia hakupanda mlima kutafuta afya. Alipanda kumfuata mtoto.

Wa pili ni Mbonea. Huyu alikuwa mpika gongo. Alipika na kuonja, akapika na kuonja, mwisho akawa anapika kidogo na kuonja sana, hata kaka zake wakamfukuza shambani. Pua yake ilikuwa maarufu. Mpe kizibo tu anuse, atakuambia hii ni ya ndizi, hii ya sukari guru, hii kaipika fulani na alikuwa na haraka.

Wa tatu ni Mwalimu Kiangi. Miaka ishirini alifundisha, na miaka ishirini chupa ilikaa kabatini nyuma ya boksi la chaki. Siku mkaguzi alipotaka chaki, kazi ikaisha, na mkewe akahamia kwao. Lakini ualimu haukumtoka. Ukimsalimu alikusahihisha, na kila hoja yake ilikuwa na kwanza na pili.

Asubuhi ya kuondoka, Namkunda akaipekua mifuko mitatu. Mkono ndani, mkono nje. Akasema, "Safi." Mbonea akapewa mfuko wa Nanzia. Nanzia akapewa mfuko wa Mwalimu. Mwalimu akapewa mfuko wa Mbonea. Wakashika kamba, Namkunda mbele, kisha Mwalimu, kisha Nanzia, na Mbonea nyuma. Wakapanda.

Siku ya kwanza walitetemeka. Mbonea alikuwa akisimama kila baada ya hatua mia, anauhamisha mfuko bega hili, anauhamisha bega lile.

"Mzigo huu mzito," akasema.

"Mna unga wa uji na blanketi tu, kaka Mbonea," Nanzia akajibu bila kugeuka.

"Basi unga wako mzito, dada."

Siku ya pili walipanda mwamba kwa mikono na magoti, wakatukana, wakatapika, wakamlaani Namkunda na ukoo wake. Naye akawasubiri juu akila muhogo. Siku ya tatu aliwasimamisha chini ya maporomoko ya maji baridi, akamwambia kila mtu aite kwa sauti jina la yule ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Mbonea aliwaita kaka zake. Mwalimu alimwita mkewe, kisha akaanza kuwaita wanafunzi mmoja mmoja kama anaita mahudhurio. Nanzia aliita jina moja tu, Tumsifu, Tumsifu, mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne walikula wakashiba. Mwalimu akasikia ndege, akawauliza wenzake kama nao wamesikia, na wote wakacheka bila sababu. Nakiri, mlima ulikuwa unafanya kazi. Au gongo ilikuwa imejificha tu inawasubiri, maana gongo ina subira kuliko mchumba.

Lakini msidhani walipendana. Wakicheka, kila mmoja alikuwa anatazama mdomo wa mwenzake. Nanzia akichelewa kwenye mfuko wake jioni, Mwalimu anakohoa. Mwalimu akienda chooni, Mbonea anahesabu. Mbonea akinyamaza, wote wawili wanamtazama. Kamba moja, watu wanne, na hakuna aliyemwamini aliye mbele yake wala aliye nyuma yake.

Siku ya tano, mchana, mvua ikaanza. Blanketi zikalowa, nguo zikalowa, ukungu ukashuka mpaka magotini. Wakafika kwenye kijito ambacho daraja lake lilikuwa gogo moja. Namkunda akatangulia. Gogo lilikuwa limeota ukoga. Akateleza, akaanguka majini, na maji ya mlima ule yanakata kama wembe.

Hawakuiachia kamba. Hili lazima niwape wote watatu. Wakatupa mifuko chini, wakavuta, viganja vya Mwalimu vikachubuka hadi damu. Wakamtoa Namkunda, wakambeba hatua hamsini mpaka chini ya jiwe lililoning'inia kama baraza, mahali ambapo mvua haikufika. Mifuko ikabaki kule kijitoni, imemezwa na ukungu.

Namkunda alitetemeka sana. Baadaye akaacha kutetemeka, akaanza kusema anasikia joto, anataka kuvua koti. Mwalimu akageuza uso.

"Akisema hivyo anakwenda," akasema. "Nimesoma. Bila moto, hafiki jioni."

Kulikuwa na kuni chini ya jiwe lile, lakini zilikuwa na unyevu. Kiberiti kilikuwa kimoja, mfukoni mwa Mbonea, na njiti zake sita. Ya kwanza ikawaka ikazima. Ya pili ikawaka ikazima. Ya tatu wakaiwekea karatasi ya daftari la mfukoni la Mwalimu, ikafuka moshi, ikazima. Wakabaki na tatu. Nanzia alikuwa amemkumbatia Namkunda kifuani anampashia joto kama mtoto, na Namkunda anamwita Nanzia "shangazi".

Hapo Nanzia akasema. Sauti yake bado ilikuwa imekauka tangu siku ya tatu.

"Nendeni kwenye mfuko wangu. Chini ya unga mna soksi ya mtoto. Ndani ya soksi mna chupa ya gongo. Kali. Itawaka."

Mwalimu akasema, "Umesema mna nini?"

"Umesikia, Mwalimu. Nenda, utaniuliza baadaye."

Mwalimu akamtazama Mbonea. Mbonea akatikisa kichwa, akakaa juu ya mikono yake. "Mimi siendi. Nikiishika mimi, hairudi."

Basi akaenda Mwalimu, peke yake, ndani ya ukungu. Hatua hamsini kwenda, hatua hamsini kurudi. Walimsubiri. Wakamsubiri tena. Ungeweza kumenya viazi sita. Mwisho akatokea na chupa mkononi, macho mekundu, na kizibo kimekwisha kulegezwa.

"Nimekilegeza njiani," akasema, "tusipoteze muda."

Nanzia akaitazama chupa, akasema polepole, "Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Sasa iko chini ya mabega."

Gongo ya kina cha vidole viwili ilikuwa imepungua. Lakini haukuwa wakati wa kesi. Mwalimu akaimimina kwenye kuni, yote, mpaka tone la mwisho likadondoka, na harufu ikajaa chini ya jiwe hata Mbonea akaziba pua kwa viganja viwili. Wakawasha njiti. Moto ukaruka, wa bluu kwanza, kisha mwekundu. Wakautunza mpaka kuni zikakubali. Namkunda akaanza kutetemeka tena, na safari hii kutetemeka kulikuwa habari njema. Alipofumbua macho, neno lake la kwanza halikuwa asante.

Alinusa. Akasema, "Nani?"

Hapo ndipo kesi ilipoanza, na ikatembea nao siku mbili zilizobaki.

"Chupa ni yangu," Nanzia akasema. "Lakini sikuigusa. Ilikuwa imejaa. Aliyeipunguza ni aliyekwenda kuichukua."

"Kwanza," Mwalimu akasema, "niliikuta hivyo. Pili, mimi sikuibeba siku tano mgongoni. Muulizeni aliyeibeba."

Mbonea akacheka kicheko kibaya. "Dada Nanzia, chupa iliyojaa mpaka shingoni hailii. Nimezijaza nyingi, najua. Hii imelia mgongoni mwangu tangu hatua ya kwanza, kobokobo, kobokobo. Ilipungua kabla hatujaondoka nyumbani."

Nanzia akamgeukia. "Kwa hiyo ulijua? Siku zote tano ulijua?"

"Niliinusa kabla sijaisikia."

Wakatembea. Wakishika kamba, walishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nguo ya maiti. Usiku kila mmoja alilala jicho moja. Mchana walinusana kama mbwa wageni, eti wanasogea kuongea. Mwalimu akatafuna majani ya mwituni, wakamuuliza anaficha harufu gani. Akaacha kutafuna, wakamuuliza kwa nini ameacha. Kamba moja, watu wanne, na sasa hakuna aliyejiamini hata mwenyewe.

Siku ya saba wakashuka. Nyumba ya kwanza chini ya mlima ilikuwa ya Bibi Nakiete. Bibi Nakiete alikuwa amekwisha simama getini, ufunguo shingoni. Kwenye geti la mabati palikuwa na tundu la msumari, na kwenye tundu palikuwa na jicho dogo.

Namkunda akaifungua kamba kiunoni, akainyoosha, akatoa kisu.

"Gongo imeingia safarini," akasema. "Fundo ni moja. Semeni."

Mbonea akasema wa kwanza. "Fundo ni langu, Afande. Wenzangu wamebeba nguo, mimi nimebeba kifo changu mgongoni, na kifo changu kilikuwa kinaniita kwa jina kila hatua. Sikukifungua. Na sikumwambia mtu, kwa sababu sheria ni yako mwenyewe, mzigo wa mwenzio ni siri yako. Nani ameilinda kamba kuliko mimi?"

Mwalimu akasema, "Kwanza, ungesema siku ya kwanza, chupa ingemwagwa siku ya kwanza. Wewe hukuilinda kamba. Uliilinda chupa."

"Na ingemwagwa siku ya kwanza, leo tungekuwa tumembeba Afande kwenye machela," Mbonea akajibu.

"Ulijua kwamba atateleza? Hukujua. Usijivunie kwa bahati."

Mwalimu akanyoosha shati lake lililochanika. "Fundo ni langu. Miaka ishirini mkono huu haujawahi kuimimina chupa mahali pengine isipokuwa mdomoni. Nilikuwa peke yangu, ukungu pande zote, hakuna jicho la mtu. Ningeweza kuja nikasema imevunjika. Niliileta, nikaimimina kuni zikanywa, na Afande yupo hai."

"Viazi sita, Mwalimu," Mbonea akasema. "Hatua hamsini tu."

"Nilikuwa nalia."

"Mlevi hulia akishakunywa."

"Hulia pia akiacha," Mwalimu akasema, na safari hii hakuhesabu kwanza wala pili. "Nilikaa chini na ile soksi mkononi. Nina wajukuu ambao siwajui majina. Basi, nililia."

Nanzia hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama tundu la msumari.

"Niliileta chupa," akasema. "Niliiogopa safari, nikasema nikishindwa nisife. Niliitia ndani ya soksi ya mwanangu, ili siku nikiitaka lazima kwanza niishike soksi. Kila jioni niliishika soksi, na kila jioni niliiacha. Hayo siyadai. Ninadai hili. Afande alikuwa anakufa kifuani mwangu. Ningenyamaza, nani angejua? Mngesema mlima umemuua. Kamba mngeikata wenyewe, ningepewa fundo langu, leo ningekuwa ndani ya geti hili. Nilijua nikifumbua mdomo nimejifungia mlango wa mtoto wangu. Nikaufumbua."

Mbonea akainamisha kichwa. Mwalimu hakuinamisha.

"Nasikitika, mwanangu," akasema, "lakini mtu akichoma nyumba, anapewa zawadi kwa sababu ameonyesha maji yalipo?"

"Kwa maji hayo Afande anapumua," Nanzia akasema.

Ninyi mnaosikiliza, naona baadhi yenu mmekwisha kumpa Nanzia fundo, na machozi yenu yako karibu. Haya. Mimi pia roho iliniuma niliposimuliwa, nawaambia kweli. Lakini ngojeni. Mtu anayeweza kuificha gongo katika soksi ya mwanawe anaweza kusema vizuri pia. Na chupa ile ililia tangu hatua ya kwanza, kama Mbonea alisema kweli, naye Mbonea ni mpika gongo. Mnaona ninavyopata shida?

Na bado. Namkunda alikuwa ameweka kisu juu ya kamba, akakiondoa. Akasema kwa sauti ya mtu anayetapika.

"Siku ya kwanza niliipekua mifuko. Niliishika soksi. Mtu aliyekunywa miaka kumi na mmoja hahitaji kuangalia, anagusa tu anajua. Nikairudisha nikasema safi."

"Kwa nini, Afande?" Nanzia akauliza.

"Kila safari kuna chupa. Kila safari naiacha. Mlevi asiye na chupa karibu hajaacha kunywa, amenyimwa tu. Akirudi nyumbani ataikuta dukani, na mimi sitakuwepo. Nilitaka mshindwe au mshinde huku juu, mkiwa na kamba mkononi. Yule wa msimu wa mahindi mliyeuliza habari zake, alishindwa, akakimbilia upande wa pili. Tangu siku ile silali vizuri."

Bibi Nakiete akasogea hatua moja.

Mbonea ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa adabu, lakini aliuliza.

"Afande, uliporudisha ile soksi, chupa ilikuwa imejaa?"

Namkunda akaitazama kamba. Akaizungusha uzi mwekundu ukaonekana, akaizungusha uzi ukapotea.

"Sikumbuki," akasema.

Sasa mmesikia. Mpika gongo anasema ilipungua nyumbani. Mama wa mtoto anasema ilipungua kwenye ukungu. Mwalimu anasema aliikuta hivyo. Na hakimu, mwenye kamba, mwenye kisu, aliyetuambia hajaonja tangu alipotoka upande wa pili wa mlima, hakumbuki. Gongo ya vidole viwili tu, lakini iliingia katika mdomo wa mtu.

Namkunda akamgeukia Bibi Nakiete, akamnyooshea kisu, mpini mbele. "Mama, mimi siwezi tena kukata. Kata wewe."

"Mimi?" Bibi Nakiete akasema. "Mimi niliyemfuata mama Tumsifu asubuhi ya kuondoka, nikampakia unga kwa mkono wangu? Mtasema niliiona soksi nikanyamaza, ili nisimrudishe mtoto. Sikati."

Na je, aliiona? Hakusema aliiona. Hakusema hakuiona.

Kisu kikabaki hewani, kati ya mikono miwili. Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya bati.

"Mama, umekuja na fundo?"

Nanzia akapiga magoti mbele ya lile tundu.

Basi mimi nimefika hapa, na aliyenisimulia naye aliishia hapa, akainuka akaenda zake. Kisu nawapa ninyi. Wewe unayepiga kelele "Nanzia", jiulize kama ni kwa haki au ni kwa sababu ya lile jicho tunduni. Wewe unayesema Mbonea, jiulize kama kunyamaza ni kulinda. Wewe wa Mwalimu, hesabu viazi sita tena. Wewe unayesema fundo abaki nalo Namkunda, kwa kuwa bila yeye wote wangekuwa bado mitaroni, mwulize kwanza chupa ilikuwa imejaa au la. Na wewe uliyenyamaza pale pembeni tangu mwanzo, wewe ndiye nisiyekuamini kabisa.

Atakayejibu asogee kwanza hapa karibu, nimnuse mdomo. Fundo ni moja, na mtoto anasubiri: je, nani alistahili?